Owino Uhuru: Ushuhuda wa Mama Mmoja Ulivyogeuka Kesi ya Kijiji Kizima

Tarehe 6 Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeifuta mwaka mmoja na nusu kabla. Owino Uhuru ni kijiji cha mabanda chenye takriban watu 3,000 katika eneo la Mikindani, Kaunti ya Mombasa, na watu wake walikuwa wamevuta, wamekula na wamekunywa sumu ya madini ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana nao ukuta kwa ukuta. Kesi hiyo huelezwa mara nyingi kama ushindi wa haki ya mazingira, na ndivyo ilivyo. Katika uchambuzi huu nitaiangalia kutoka upande ambao haujaelezwa vya kutosha, yaani safari ya Phyllis Omido, mwanamke aliyeingia katika harakati bila kuzitafuta, na ambaye kazi yake kubwa ikawa kusikiliza habari za maisha ya majirani, kuziweka pamoja na kuzibeba hadi mahali ambapo serikali ingelazimika kuzijibu.

Ninashikilia kwamba masimulizi katika kisa hiki hayakuwa pambo la harakati wala njia ya kuvuta huruma ya wageni. Yalikuwa chombo cha kugundulia maradhi kwanza, kisha chombo cha kuwaunganisha watu, kisha ushahidi. Na kila hatua ilidai usimulizi wa namna yake. Vijana wengi wanaoingia leo katika kazi za haki za kijamii huijua hatua ya pili tu, ile ya kusimama mbele ya watu na kueleza yaliyokusibu. Owino Uhuru inaonyesha kwa nini hiyo haitoshi.

Ripoti iliyokataliwa

Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009 kushughulikia uhusiano wake na jamii. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia miaka ya thelathini, umri ambao Katiba ya Kenya bado inauhesabu kuwa wa ujana, kwa kuwa inamwita kijana mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mama wa mtoto anayenyonya, aliyepata kazi ya ofisini na kuifurahia kama mtu yeyote anavyofurahia kupata kazi. Moja ya majukumu yake ya mwanzo lilikuwa kusimamia maandalizi ya ripoti ya tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira.

Inafaa tutue hapa kidogo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya namna hiyo ifanywe kabla ya mradi kuanza, ili umma upate kusema lake wakati ambapo kusema kwake kunaweza bado kubadilisha kitu. Tanuri za Owino Uhuru zilikuwa zikiwaka tangu mwaka 2007. Hata hivyo Omido na mtaalamu aliyefanya naye kazi waliichukua shughuli hiyo kwa uzito wake, na wakafikia uamuzi kwamba kiwanda kilikuwa kinawaweka wakazi hatarini na hakikupaswa kuwa mahali pale. Uongozi haukuupokea ushauri huo. Yeye aliondolewa katika kazi hiyo na kupewa nyingine.

Kwa mtu anayechunguza jinsi mratibu wa jamii anavyoundwa, tukio hili dogo la ofisini lina uzito kuliko linavyoonekana. Ripoti ya tathmini nayo ni masimulizi: inaeleza mahali, watu, hatari na matokeo. Lakini ni masimulizi yanayoandikwa kwa lugha ya kitaalamu, kwa gharama ya mwenye mradi, na kusomwa kwanza na mwenye mradi. Wakazi huonekana ndani yake kama idadi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika karatasi zile kijiji hakikuwapo. Omido alijifunza mapema, akiwa upande wa ndani wa ukuta, kwamba ukweli uliomo katika hati halali unaweza kuzikwa bila kelele iwapo hauna mtu wa kuudai nje ya ofisi ile.

Maradhi yasiyoonekana kwa mgonjwa mmoja

Kisha mtoto wake akaugua. Homa haikukatika, na matibabu ya magonjwa ya kawaida hayakumsaidia, hadi alipopimwa damu na kukutwa na kiwango cha juu cha madini ya risasi. Mtoto huyo hakuwa akiishi kijijini wala kucheza kando ya mitaro ya kiwanda. Sumu ilikuwa imemfikia kupitia kwa mama, katika maziwa ya kifuani. Omido aliiacha kazi ile.

Ili kuelewa alichofanya baada ya hapo, lazima kwanza tuelewe jinsi sumu hii inavyofanya kazi, maana tabia yake ndiyo iliyoamua aina ya harakati iliyohitajika. Betri ya gari hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, kisha mabamba ya risasi yakatolewa na kuyeyushwa tanurini. Moshi hubeba chembe laini sana. Chembe hizo hutua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria zilizosuguliwa na kuachwa nje zikauke. Mvua ikinyesha, hushuka na maji ya paa hadi kwenye pipa la kunywea. Maji machafu ya kiwanda nayo hupita uani, mahali ambapo watoto huchezea udongo na kupeleka vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima anapoimeza, na kwamba hakuna kiwango chochote cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ikishaingia, huhifadhiwa katika mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke anaposhika mimba hutoka mifupani ikamfikia mtoto aliye tumboni.

Sasa tazama dalili zake: maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, uchovu, kukosa hamu ya kula, degedege, mimba kuharibika, shinikizo la damu kwa watu wazima, na kwa watoto akili kuwa nzito darasani. Hakuna hata moja ambayo ni ya risasi peke yake. Katika mtaa wa mabanda wa Pwani, kila moja ina jina jingine lililo karibu zaidi: malaria, homa ya matumbo, minyoo, lishe duni, uvivu. Mama mmoja anapewa dawa za minyoo, mwingine anaambiwa mtoto wake hali vizuri, wa tatu anasikitika kimyakimya kwa mimba iliyotoka na kudhani ni mkosi wa nyumba yake, wa nne anamchapa mtoto kwa kushika mkia. Kila familia ina maelezo yake, na kila maelezo yanaridhisha kiasi cha kumfanya mtu asiulize zaidi.

Hiki ndicho kiini cha kisa chote kwa maoni yangu. Sumu ya risasi haionekani kwa mgonjwa mmoja. Huonekana kwa mtaa. Ili kuiona, lazima mtu akae na mama wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kuyaweka maelezo yao kando kwa kando mpaka mpangilio ujitokeze. Daktari wa zahanati hana muda wa kufanya hivyo, kwa sababu wagonjwa humjia mmoja mmoja. Ofisa wa serikali hafanyi hivyo, kwa sababu hakuna aliyemletea malalamiko yenye umbo. Jirani anayejua kusikiliza anaweza. Omido alianza kwa kuhakikisha watoto wachache wa kijiji wanapimwa damu, na majibu yalionyesha kwamba mtoto wake hakuwa peke yake. Miaka kadhaa baadaye watafiti wa afya walilinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa makazi mengine ya Mombasa yenye hali kama yao, na wakakuta risasi nyingi zaidi kwa watoto wa Owino Uhuru. Lakini ulinganisho wa kwanza ulikuwa umekwishafanywa milangoni, kwa mazungumzo.

Kutoka mimi hadi sisi

Marshall Ganz, Mmarekani aliyeacha masomo ya Harvard mwaka 1964 akaenda Mississippi kupigania haki ya watu weusi kupiga kura, na ambaye baadaye alifanya kazi miaka 16 na chama cha wafanyakazi wa mashambani cha California kilichoongozwa na Cesar Chavez, amekuwa mwalimu mkuu wa jambo hili duniani. Aliporudi chuoni alifundisha kwamba kiongozi wa jamii hujenga masimulizi ya aina tatu: yake mwenyewe, ya watu wake kwa pamoja, na ya wakati uliopo unaodai watu watende. Mafunzo hayo yamesambaa, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaopitia warsha za uongozi wameyafanyia mazoezi hata kama hawajasikia jina la mwenyewe.

Kisa cha Omido kinaingia katika mpangilio huo bila kulazimishwa. Alikuwa na habari yake, ya mama aliyemnyonyesha mwanawe sumu bila kujua. Aligundua kwamba ni habari ya akina mama wengi. Akaanzisha shirika, Kituo cha Haki, Utawala na Hatua za Mazingira, linalojulikana zaidi kwa kifupi cha CJGEA, ili kuwe na mahali pa kuzipokea habari hizo na mkono wa kuandika barua kwa niaba ya wenye nazo.

Hata hivyo kuna ugumu ambao mafunzo ya warsha huupita haraka. Kuhama kutoka "mimi" hadi "sisi" hakufanyiki kwa kubadilisha kiwakilishi katika hotuba. Katika Owino Uhuru walikuwamo watu waliopata riziki yao ndani ya kiwanda kile kile, wakishughulikia betri bila vifaa vya kutosha vya kujikinga, na ambao mwili wao ulikuwa umeathirika kuliko wa wengine. Mtu wa aina hiyo humwambii kwamba kiwanda kifungwe halafu ukatarajia akupigie makofi. Anajua kinachomuua polepole, na anajua pia kodi ya chumba italipwa na nini mwisho wa mwezi. Mratibu anayemwona kama msaliti amekosa kuielewa jamii yake. Na mratibu anayemwacha nje ya masimulizi anapoteza shahidi wake bora, kwa sababu ni yeye tu anayejua kilichokuwa kikifanyika ndani ya ukuta, saa ngapi tanuri iliwashwa na majitaka yalielekezwa wapi. Wafanyakazi wa zamani wa kiwanda walikuja kuwa miongoni mwa waliosimulia, na ushuhuda wao uliipa kesi kitu ambacho moshi unaoonekana kwa nje usingeweza kukitoa.

Ugumu wa pili ni aibu. Mimba iliyotoka, mtoto asiyefuatilia masomo, mume aliyepungukiwa nguvu: haya hayasemwi barazani. Husemwa na mwanamke kwa mwanamke, nyumbani, baada ya msikilizaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ana la kupoteza. Hapo ndipo habari ya Omido mwenyewe ilipokuwa na kazi yake ya kweli. Thamani yake kubwa haikuwa mbele ya kamera. Ilikuwa ruhusa aliyowapa wengine waseme.

Bei ya kusema hadharani

Barua kwa ofisi za serikali hazikuzaa matunda ya haraka, na wakazi wakaingia barabarani. Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mwaka 2012 Omido alikamatwa pamoja na wakazi kadhaa, wakalala korokoroni, na wakashtakiwa kwa madai ya uchochezi. Kesi iliendelea kwa miezi mingi kabla ya mahakama kumwona hana hatia. Mwaka huo huo alivamiwa na watu wenye silaha karibu na nyumbani kwake akiwa na mwanawe, na ikambidi aishi kwa kujificha kwa muda. Vitisho havikuisha hapo: mwaka 2017, kesi ikiwa tayari mahakamani, wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka serikali ya Kenya iwalinde wanaharakati wa suala hili.

Nayataja haya kwa sababu mazungumzo kuhusu nguvu ya masimulizi mara nyingi husahau nani hulipa. Anayesimulia hadharani hujulikana sura, nyumba na njia anayopita jioni. Kijana anapoombwa aeleze kisa chake mbele ya wafadhili au waandishi wa habari, aliyemwomba ana wajibu wa kuuliza kwanza kesho yake atalala wapi.

Kiwanda kilifungwa Januari 2014. Mwaka huo shirika la Human Rights Watch lilitoa filamu fupi kuhusu kijiji, na Seneti, iliyokuwa imerejea baada ya uchaguzi wa 2013, ililichunguza suala hilo kupitia kamati yake ya afya. Aprili 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, tuzo ile ile aliyoipata Wangari Maathai mwaka 1991. Vyombo vya habari vya nje vikambandika jina la "Erin Brockovich wa Afrika Mashariki", kwa kumfananisha na Mmarekani aliyepambana na kampuni iliyochafua maji na ambaye kisa chake kiligeuzwa filamu.

Sifa hizo zilikuwa na faida. Ni vigumu zaidi kumgusa mtu anayejulikana duniani, na ofisi ambazo hazikujibu barua za wakazi zilianza kujibu maswali ya wageni. Lakini jina lile la kubandikwa linanisumbua. Lilichukua kazi iliyofanywa na kijiji na kuipa umbo la filamu ya shujaa mmoja, umbo ambalo hadhira ya mbali inalitambua kwa urahisi. Masimulizi ya namna hiyo hufika mwisho shujaa anapopanda jukwaani kupokea tuzo. Kijijini, mwisho ulikuwa bado haujakaribia: kiwanda kilikuwa kimefungwa, lakini risasi ilikuwa ingali udongoni, mifupani na katika kuta za nyumba, na hakuna aliyekuwa amelipwa chochote wala kutibiwa ipasavyo.

Kusimulia kwa kiapo

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa ngumu na yenye mafunzo zaidi. Mwaka 2016 wakazi tisa pamoja na CJGEA walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa, kwa niaba yao na ya kijiji kizima. Katiba iliwafungulia mlango mpana. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inaongeza jambo ambalo ni nadra na la thamani kubwa: anayeidai haki hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia.

Katika ripoti za sheria, kesi hiyo imeorodheshwa kwa herufi mbili, KM, na wengine tisa. Herufi hizo ni za mtoto, aliyeshtaki kupitia kwa mama yake. Jambo hili dogo linanigusa sana. Kisa kilichokuwa kimezunguka dunia kwa jina na uso wa mtu mmoja, kilipofika mahali pa kuamuliwa kiliongozwa na mtoto ambaye jina lake limefichwa kwa ajili ya ulinzi wake. Mahakama haikuhitaji uso wake. Ilihitaji umri wake, mahali alipoishi, muda aliokaa hapo na kilichokutwa katika damu yake.

Hati ya kiapo ni masimulizi yaliyovuliwa kila kitu kinachofanya hotuba ipendeze. Huwezi kusema "watoto wetu wanakufa" ukaachia hapo. Lazima useme ni mtoto yupi, aliugua lini, alipelekwa wapi, cheti kiko wapi, na wewe unajuaje unachokisema. Uliyoyasikia kwa jirani yanabaki ya jirani, naye aje aape mwenyewe. Wakili wa upande wa pili atauliza kama mtoto hakuwahi kupata malaria, kama bati halikuwa na kutu kabla ya kiwanda kuja, kama huna ugomvi na mwajiri wako wa zamani. Mama aliyezoea kueleza kisa chake akilia mbele ya watu wanaomwonea huruma hujikuta akikieleza upya mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kukitilia shaka. Wapo wanaoona utaratibu huu ni wa kikatili, na mara nyingine kweli ni wa kikatili. Lakini pia unampa msimulizi heshima ambayo huruma haiwezi kumpa: maneno yake yanachukuliwa kuwa na uwezo wa kumfunga mtu mwingine kisheria.

Ganz, kwa yote anayofundisha, hasemi mengi kuhusu sehemu hii. Mpangilio wake unaeleza vizuri jinsi watu wanavyosimama pamoja. Jinsi wanavyoaminiwa na mtu asiyetaka kuwaamini ni somo jingine, na ndilo lililoamua kesi hii.

Hukumu ilitolewa tarehe 16 Julai 2020. Mahakama iliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimevunjwa, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikaagiza eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Lawama iligawanywa, na sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 40, iliwekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Wenye kiwanda walibeba sehemu yao, na wizara za mazingira na afya pamoja na mamlaka inayosimamia maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje zilibeba zao. Mgawanyo huo unasimulia jambo ambalo filamu ya shujaa dhidi ya kiwanda isingelisimulia: kwamba aliyewasha tanuri hakuwa mkosaji peke yake, na kwamba taasisi iliyowekwa kulinda ndiyo iliyoonekana kushindwa zaidi.

Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia hiyo na kuagiza suala la malipo lirudi kusikilizwa upya. Kwa wakazi waliokuwa wamengoja tangu 2016 lilikuwa pigo zito, na baadhi ya waliokuwapo kesi ilipoanza walikuwa wamekwisha kufa. Kwa mtazamo wa uchambuzi wetu, swali lililokuwa mezani lilikuwa lile lile la tangu mwanzo: je, kisa cha jamii nzima kinaweza kupimwa kwa pamoja, au lazima kila mtu apimwe peke yake? Tumeona kwamba maradhi yenyewe hujionyesha kwa mtaa mzima, ilhali fidia kwa desturi hukadiriwa kwa mtu mmoja mmoja. Mahakama ya Juu ilipoirejesha fidia Desemba 2024, ilikubali kwamba jamii iliyodhulumiwa kwa pamoja inaweza kufidiwa kwa pamoja.

Yaliyo mbele ya atakayefuata

Kesi za aina hii zitazidi. Betri za risasi zimeongezeka barani pamoja na magari, pikipiki na umeme wa jua, na zote hufika siku zikachoka. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira uliofanyika Nairobi Desemba 2017 ulipitisha azimio kuhusu usimamizi salama wa taka za betri hizo, na Omido na wenzake ni miongoni mwa waliolifanya suala hilo lisikike katika majukwaa kama hayo. Kabla ya kesi ya Owino Uhuru kufunguliwa, mwaka 2010, mamia ya watoto walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi katika jimbo la Zamfara, Nigeria, kutokana na uchimbaji dhahabu. Huko Kabwe, Zambia, mgodi uliofungwa mwaka 1994 bado unaacha risasi katika udongo wa nyumba za watu.

Kwa kijana atakayejikuta katika mtaa kama huo, akiwa na uchungu wake mwenyewe na majirani wanaomtazama, ushauri ninaouchota katika kisa hiki ni wa kazi ya mikono zaidi kuliko wa ufasaha. Aanze daftari siku ya kwanza, kabla ya bango na kabla ya kipaza sauti. Kila nyumba iwe na ukurasa wake: nani anaishi hapo na tangu lini, mlango uko umbali gani kutoka kwenye ukuta, maji yanatoka wapi, nani aliugua, mwezi gani, alitibiwa nini, cheti kimehifadhiwa na nani. Aandike maneno ya msemaji kama alivyoyasema, amsomee, na amuulize kama yako sawa. Amuulize pia ni sehemu ipi asingependa isikike nje ya chumba kile, na aiheshimu. Wanaohama afuate anwani zao, kwa maana wapangaji wa mabanda huhama, nao hubeba risasi mifupani mwao popote waendako. Wanaofanya kazi kiwandani awatembelee usiku, bila kuwahukumu.

Ibara ya 70 itamwezesha kuingia mahakamani bila kuthibitisha jeraha la mtu yeyote, na hilo litamsaidia kukizima kiwanda mapema. Lakini siku mahakama itakapouliza fidia iende kwa nani, tangu mwaka gani na kwa ushahidi upi, daftari hilo ndilo litakalojibu.